Gunia Lililolala Ndani

Katikati ya mwaka 2016, watu wa vijijini katika Wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, walianza kuugua ugonjwa ambao hawakuwa na jina lake. Mtu aliumwa tumbo, akatapika, akaharisha, kisha macho yakageuka ya njano na tumbo likajaa maji. Ukaonekana Kondoa, ukafika Kiteto, mkoani Manyara. Uliitwa "ugonjwa usiojulikana", na jina hilo peke yake lilitosha kuwaondolea watu usingizi. Ulikuwa unaingia nyumba moja, unalaza watoto wawili watatu, na nyumba ya pili unairuka. Kijijini, ugonjwa wa tabia hiyo huwafanya watu waanze kutazamana vibaya.

Hadi Novemba mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walikuwa wamekufa. Katika kila wagonjwa kumi, watatu hawakupona. Na jibu lilipopatikana halikuwa la mkono wa mtu wala la mdudu mgeni. Lilikuwa kwenye sufuria ya ugali.

Mahindi waliyokuwa wakila yalikuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa udongoni anayeitwa kwa jina la kisayansi Aspergillus flavus. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja. Naomba msomaji aelewe udogo wa kipimo hicho. Lori lililobeba tani 30 za mahindi likiwa na sumu iliyofikia kikomo hicho, sumu yote iliyomo haifiki theluthi moja ya gramu. Ni kiasi cha chumvi unachoweza kukishika kwa ncha za vidole viwili. Katika nyumba za wagonjwa wa 2016, mahindi yaliyopimwa yalianzia kwenye kikomo hicho cha 10 na kufika mikrogramu 51,100 kwa kilo. Kikomo kimezidishwa mara elfu tano na zaidi, na watoto wanakula mchana na jioni.

Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa, na kila ninaposoma taarifa za Chemba najikuta narudi Ukambani, Kenya, kwa sababu huko ndiko lilikofanyiwa upelelezi wa kina kuliko pengine popote Afrika. Kati ya Januari na Julai 2004, katika wilaya zilizoitwa wakati huo Makueni, Kitui, Machakos na jirani yake Thika, waliugua watu 317 na wakafa 125. Dalili ni zilezile, macho ya njano na ini lililoshindwa kazi. Wizara ya Afya ya Kenya iliingia vijijini pamoja na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC.

Njia waliyoitumia ni rahisi kuieleza, ingawa kuifanya kwa miguu katika vijiji vya ukame si rahisi hata kidogo. Walichukua wagonjwa 40. Kwa kila mgonjwa wakatafuta watu wawili wa kijiji hichohicho ambao hawakuugua, jumla 80. Wakawauliza wote maswali yaleyale: mahindi mlivuna lini, yalikuwa makavu au mabichi, mliyaweka wapi, mlikula nini. Wakachukua mahindi ya kila nyumba na damu ya waliokubali. Mgonjwa peke yake angewaambia alikula ugali, jambo ambalo kila mtu wa huko hufanya. Ni yule jirani mzima aliyekaa hatua chache tu kutoka kwa mgonjwa ndiye aliyewaonyesha tofauti.

Tofauti ya kwanza ilikuwa kwenye mahindi yenyewe. Katika nyumba za wagonjwa, wastani wa sumu ulikuwa takriban mikrogramu 354 kwa kilo. Katika nyumba za wasiougua, takriban 44. Kikomo cha Kenya wakati huo kilikuwa 20. Maana yake, hata wale tunaowaita wazima walikuwa wanakula sumu mara mbili ya iliyoruhusiwa, ila hawakuwa wameanguka bado. Sijawahi kuzisoma tarakimu hizo mbili nikabaki nimetulia.

Tofauti ya pili ilikuwa mahali gunia lilipolala. Waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba wanamoishi, badala ya ghalani. Nje, ghala la miti lililoinuliwa lina upepo. Ndani ya chumba kuna joto la watu na unyevu wa pumzi zao, na gunia limeegemea ukuta usiopitisha hewa. Kuvu hahitaji zaidi ya hapo.

Msomaji wa mjini atauliza ni nani anayeweka mahindi mabichi ndani. Jibu ni mtu mwenye njaa anayeogopa wezi. Ukambani walikuwa wametoka kwenye ukame, mavuno yakawa haba, na mvua isiyo ya msimu ikanyesha wakati mahindi yanakauka. Familia isiyo na akiba haiwezi kungoja mahindi yakauke kwenye bua; inavuna mapema ili ile. Na katika mwaka wa njaa mahindi yaliyo nje huibiwa, kwa hiyo baba na mama wanayaingiza ndani. Kila hatua waliyoichukua ilikuwa ya kulinda watoto wasife njaa. Kwa hiyo huwa naumia nikisikia maofisa wakisema wananchi "wazembe katika uhifadhi".

Kulikuwa na swali jingine. Baadhi ya walioathirika hawakuwa wakila mahindi ya shamba lao, bali ya kununua dukani. Watafiti wakaenda masokoni, masoko 65, wakakusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Asilimia 55 zilizidi kikomo. Asilimia 7 zilizidi mikrogramu 1,000 kwa kilo. Mkulima mwenye shida ya fedha aliuza mahindi yake mabaya kwa mfanyabiashara, mfanyabiashara akayachanganya na mengine, na miezi michache baadaye mkulima yuleyule, ghala likiwa tupu, akarudi dukani kununua unga. Sumu ilikuwa imezunguka na kurudi nyumbani.

Na haya hayakuwa mapya. Mwaka 1981, Machakos hiyohiyo, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 12 wakafa. Habari zake zilichapishwa katika jarida kubwa la kitabibu mwaka uliofuata. Kati ya 1981 na 2004 ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mlipuko wa kwanza alikuwa mzazi wakati wa mlipuko wa pili, na hakuna aliyekuwa amemwambia chochote.

Dunia iliijua sumu ya kuvu huyu kupitia ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa vifaranga wa batamzinga zaidi ya 100,000 kwa muda mfupi, na kwa kuwa hakuna aliyejua sababu, ugonjwa uliitwa wa "X". Uchunguzi ukafikia chakula chao, mashudu ya karanga yaliyoletwa kutoka Brazili. Humo ndimo ilimopatikana sumukuvu hii, ikapewa jina la aflatoksini. Mwaka 1974, magharibi mwa India, watu 106 walikufa kwa mahindi, na mbwa waliokula chakula kilekile walikufa pia. Wanyama huonyesha mapema. Kuku wakianza kufa baada ya kumwagiwa pumba mpya, kuna jambo la kuuliza kabla ya kupika.

Kuvu anaanzia shambani, wala hasubiri ghala. Anaishi kwenye udongo na mabaki ya mazao. Hindi likipigwa na jua kali bila maji likiwa linajaza punje, kinga yake hupungua, na mdudu akitoboa ganda anakuwa amemfungulia kuvu mlango. Baada ya kuvuna, dumuzi huendeleza kazi hiyo gizani. Sumu ikishaingia, kupika hakuiondoi. Joto la ugali haliitoshi, wala la uji, wala la kukaanga karanga nyumbani. Na punje inaweza kuwa na sumu bila kuonyesha ukungu wowote, wakati nyingine yenye ukungu wa kijani inaweza kuwa na kidogo. Tena sumu haijitandazi sawasawa guniani. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Mpimaji anayechoma bambo mahali pamoja tu anaweza kutoka na mahindi safi kabisa kwenye gunia la kuua. Ndiyo maana sampuli za kweli huchukuliwa sehemu nyingi, zikachanganywa na kusagwa kabla ya kupimwa.

Mlipuko kama wa Makueni au Chemba huvutia magari ya serikali na kamera. Kilicho kikubwa zaidi hakina kamera. Sumu kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka, haimwangushi mtu. Inalidhoofisha ini lake. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka sumukuvu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Huko Shanghai, China, watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya 18,000. Waliokuwa na dalili za sumukuvu katika mkojo walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara tatu ya wasiokuwa nazo. Wenye virusi vya homa ya ini aina ya B, mara saba. Waliokuwa na vyote viwili, mara 59. Makueni pia, mwaka 2004, waliougua walikutwa na virusi hivyo zaidi ya majirani zao. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini anayopewa mtoto mchanga kliniki ni kinga dhidi ya mahindi mabovu vilevile, na natamani manesi wangepewa muda wa kuwaeleza kina mama jambo hilo.

Kuna pia urefu wa watoto wetu. Rombo, mkoani Kilimanjaro, Martin Kimanya na wenzake waliwafuatilia watoto wachanga 215, wengi wao wakiwa wameanzishiwa uji wa mahindi. Walichopima kilikuwa ndugu ya sumukuvu, sumu ya kuvu mwingine iitwayo fumonisini. Watoto walioila sumu hiyo kupita kikomo chake, walipotimiza mwaka mmoja walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Sentimita moja na kidogo, mtu atasema, ni nini? Mpime mtoto wa mwaka mmoja nyumbani kwako, kisha upunguze. Huenda ni mtoto ambaye mama yake alifuata kila alichoambiwa: akamnyonyesha, akaanza uji kwa wakati, akasaga unga wake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yake ya 2015, lilisema chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 600 waugue kwa mwaka na kuwaua 420,000, karibu theluthi yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na Afrika ndiyo yenye mzigo mzito kwa kila kichwa. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni ya magonjwa ya kuhara. Sumu za kuvu zimo ndani ya hesabu hiyo, lakini kwa hali yake huhesabika vibaya. Anayekufa kwa saratani ya ini akiwa na miaka 45 hakuna anayeandika kwenye cheti kwamba aliuawa na ugali.

Bibi yangu alikuwa na kigoda chake cha kuchambulia mahindi. Ungo kwenye mapaja, mkono wa kulia ukitembea haraka kuliko macho yangu. Punje nzima zilikwenda kushoto, kwa chakula. Zilizopasuka na zilizoliwa na wadudu zilikwenda kwa kuku. Zilizobadilika rangi, nyeusi na za kijivu, alizitenga kwenye kopo, na kopo likijaa zilikuwa za pombe. Hakuna kilichotupwa. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba nusu ya kwanza ya kazi yake ilikuwa kinga bora kuliko dawa yoyote tuliyonayo, maana kuchambua kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya sumu. Nusu ya pili ilimgeukia. Sumu inahama na punje, inaingia kwenye pombe, na ng'ombe akilishwa mahindi hayo hutokea kwenye maziwa ikiwa na sura nyingine.

Wakamba nao wana chakula chao kiitwacho muthokoi. Mahindi hulowanishwa kidogo, hutwangwa kwenye kinu mpaka ganda litoke, hupepetwa, kisha huchemshwa na maharage au kunde. Watafiti wa Kenya walipopima walikuta kutoa ganda kwa namna hiyo kunapunguza sumukuvu kwa karibu nusu, kwa wastani. Sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Hapo panazuka mgongano ambao watu wa lishe huupita haraka mno. Kwa miaka mingi tumehimizwa kula dona, na kwa haki kabisa, kwa kuwa vitamini na nyuzi zimo humohumo kwenye ganda na kiini. Lakini dona ya mahindi yasiyochambuliwa inabeba vyote, vitamini na sumu. Sisemi watu warudi kwenye sembe nyeupe isiyo na kitu. Nasema anayehimiza dona ahimize na ungo kwa pumzi hiyohiyo, na katika mwaka wa mvua mbaya mama wa mtoto mdogo aambiwe wazi kwamba kukoboa ni salama zaidi.

Rombo hukohuko baadaye kaya zilifundishwa mambo ambayo bibi angeyaelewa bila mkalimani: kuchambua, kuanika juu ya turubai au chanja badala ya udongo, kudhibiti wadudu, kukoboa kabla ya kusaga. Zikalinganishwa na kaya ambazo hazikupata mafunzo hayo. Sumu ilipungua kwenye mahindi na kwenye chakula cha watoto. Mifuko isiyopitisha hewa nayo inasaidia, kwa sharti moja ambalo wauzaji wengine hawalitaji: mahindi yaingie yakiwa yamekauka. Ukiyafungia mabichi humo, umeyafungia na kuvu wake.

Shambani kuna njia mpya iliyobuniwa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani. Wanachukua kuvu wa jamii ileile ambao kwa asili hawana uwezo wa kutengeneza sumu, wanawapaka juu ya mtama uliouawa usiote, na mkulima anaurusha shambani kilo 10 kwa hekta, wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Wale wapole wanaenea na kuwanyima wenye sumu nafasi. Dawa hiyo, Aflasafe, imesajiliwa Kenya na Tanzania. Inafanya kazi. Ugumu uko kwenye mfuko wa mkulima, kwa sababu akiinunua, siku ya kuuza mahindi yake safi hupewa bei ya mahindi yoyote. Mnunuzi wa kijijini hutazama uzito, pengine na unyevu kama ana kipima unyevu. Sumu haina bei kwenye mizani.

Machi 2021 Kenya ilifunga mlango kwa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu za kuvu, malori yakasimama mpakani, na siku chache baadaye ikaufungua kwa masharti ya cheti. Tanzania tulilalamika sana kuhusu biashara. Sikusikia wengi wakiuliza swali lililonikaa mimi: lori likikataliwa mpakani, yale mahindi yanakwenda wapi? Hayatupwi. Yanageuza, yanarudi ndani, yanatafuta soko lisilopima. Na soko lisilopima ndilo la vijijini, ambako familia hula mahindi asubuhi kwa uji, mchana kwa ugali, jioni kwa ugali. Viwango vikali vya mpakani bila upimaji wa ndani vinachuja chakula: kizuri kinakwenda kwa mwenye fedha, kibaya kinabaki kwa Chemba. Baada ya 2016 serikali ilianzisha mradi mkubwa wa kudhibiti sumukuvu, na kituo cha usimamizi wa mazao baada ya mavuno kikajengwa Mtanana, wilayani Kongwa, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa. Nafurahi kimejengwa. Ninachotaka kuona sasa ni mkulima wa gunia tatu, si mwenye lori tu, akipimiwa mahindi yake kabla hajayala, bila malipo, na akikutwa na sumu apewe mengine badala yake. Mwaka 2004 Kenya iligawa mahindi ya msaada kwa maeneo yaliyoathirika, kwa sababu kumwambia mwenye njaa atupe chakula bila kumpa kingine hakuna maana.

Kwa msimu huu kuna jambo dogo ambalo maofisa ugani hufundisha, na mtu anaweza kulifanya jioni moja uani. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye mfuniko. Tia mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, ongeza kijiko cha chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, iache robo saa. Chupa haitakwambia kama kuna sumu. Itakwambia kuhusu maji tu. Chumvi ikilala chini imetulia, mahindi yamekauka vya kutosha kuingia guniani. Ikiwa imeng'ang'ania ukutani mwa kioo, kamba ya gunia isifungwe leo. Kesho turubai litandikwe tena juani, na mtu akae karibu na fimbo kuwafukuza kuku.